Jinzi ya Mwambani, Jinzi ya Mjini: Mjadala wa Denimu Inayokinza Maji

Suruali ya denimu inayokinza maji ni jinzi iliyotengenezwa ili matone ya mvua yateleze juu yake badala ya kunywewa na pamba. Haipaswi kuchanganywa na suruali isiyopitisha maji, ambayo ina utando ndani ya kitambaa na mishono iliyozibwa kwa utepe, na ambayo mtu anaweza kukaa nayo mvuani saa nzima akabaki mkavu. Denimu inayokinza maji huchelewesha tu. Hustahimili manyunyu, umande wa majani ya njiani na chai iliyomwagika mezani. Mvua ya masika ikishika kasi, hushindwa. Ugomvi mwingi juu ya nguo hii hutoka hapo: muuzaji hutaja kukinza maji, mnunuzi husikia kutopitisha maji.

Anayetaka kuibuni kwa ajili ya kupanda miamba na pia kwa mavazi ya kila siku hukutana na sauti nne zisizopatana. Yupo mpanda miamba, yupo fundi cherehani, yupo mwanakemia wa nguo ambaye wenzake humwita mwalimu, na yupo mtu wa mjini atakayeivaa ofisini na juu ya bodaboda. Mpanda miamba ndiye huanza, naye huanza kwa kukataa.

“Pamba si nguo ya mlimani,” husema. “Ikilowa, umekwisha.”

Hoja yake ina msingi. Pamba ni selulosi, na selulosi hupenda maji. Hata ikiwa mtu anaiona kavu, katika chumba chenye joto la nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta katika hali hiyohiyo haifikishi hata asilimia moja. Ikiloweshwa bila kukamuliwa, denimu hubeba maji yanayozidi uzito wake yenyewe. Maji nayo hupitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, hivyo suruali iliyogandamana na mapaja hunyonya joto la mwili mchana kutwa. Kwenye Kilimanjaro, ambako njia huanzia katika msitu wa mvua na kuishia mita 5,895 penye baridi ya kugandisha, jinzi iliyolowa siku ya kwanza huenda isikauke hadi siku ya kushuka.

Mtu wa mjini hupinga. “Dada, nani amesema tunakwenda kilele cha Uhuru? Mimi nakwenda miamba ya Lukenya Jumamosi, na Jumatatu nipo kazini. Nataka suruali moja.”

Jibu hili linabadili swali, na kwa haki. Mwamba wa kukwea kwa kamba ulio karibu na barabara si sawa na mlima wa siku sita. Fischer's Tower, ule mnara wa mawe wa mita 25 katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hupandwa na kushukwa kabla ya chakula cha mchana, na mvua ikianza watu hurudi garini. Hapo sifa nyingine za pamba hujitokeza. Pamba iliyolowa huwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Haiyeyuki kamba ikisugua juu yake kwa kasi, ilhali nailoni na poliesta huyeyuka. Denimu nzito hukwaruzwa na mwamba mwaka mzima kabla haijatoboka, jambo ambalo suruali nyepesi za mlimani haziwezi. Wapanda miamba wa Yosemite, California, walivaa jinzi na suruali za wapaka rangi kwa miaka mingi, hata walipokuwa wakipanda njia zilizokuwa ngumu kuliko zote za wakati wao.

Hata hivyo mpaka uwekwe wazi tangu mwanzo. Wako wapagazi wa Kilimanjaro wanaopanda na jinzi za mitumba, na si kwamba wanaipenda denimu, ndiyo waliyonayo. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo kwa sababu hiyo. Dawa yoyote ya kukinza maji haiwezi kuigeuza denimu kuwa nguo ya kulala nayo kwenye kambi za juu, na mbunifu anayeiuza kwa ahadi hiyo anamweka mtu hatarini. Mpanda miamba anashinda hoja ya mlima mrefu. Mtu wa mjini anashinda hoja ya mwamba wa karibu. Kuanzia hapo suruali inabuniwa kwa ajili ya mwamba wa karibu.

Fundi huwa amenyamaza mpaka hapo. Akifungua kinywa husema, “Kabla hamjamwaga dawa, nipeni nafasi ya mguu.”

Anaonyesha msamba wa jinzi ya kawaida. Pale hukutana mishono minne: wa mbele unaoshuka kutoka kwenye zipu, wa nyuma unaopita katikati ya makalio, na miwili ya ndani ya miguu. Kila mshono wa denimu umekunjwa na kupigwa mara mbili, kwa hiyo penye makutano matabaka hurundikana mpaka sindano ya cherehani huruka au huvunjika. Ni kifundo kigumu kilichowekwa mahali panapohitaji ulaini kuliko pote. Mpandaji anapoinua mguu hadi usawa wa kiuno kutafuta pa kukanyaga, nguvu yote huvutwa kwenye kifundo hicho. Ama suruali humshika mguu ukashindwa kufika, ama huchanika, na huchanika pembeni mwa mshono, maana mshono wenyewe una nguvu kuliko kitambaa.

Tiba yake ni ya zamani: kipande cha umbo la almasi kinachoshonwa msambani. Kipande hicho huondoa yale makutano ya mishono minne, huyasambaza kwenye ncha zake, na huupa mguu upana wa kupanda bila suruali nzima kupanda nao. Mmarekani Mike Graham, mpanda miamba wa kundi la vijana wa Yosemite waliojiita Stonemasters, alianzisha kampuni ya Gramicci mwaka 1982 kwa suruali za aina hiyo, na tangu hapo kipande cha msamba kimekuwa alama ya suruali za miamba. Jinzi za dukani hazikiigi mara nyingi kwa sababu kinaongeza kazi na kinapoteza kitambaa kwenye kukata.

“Siku hizi kitambaa kinavutika, fundi,” mtu wa mjini humkatiza. “Kipande cha nini?”

Hapa fundi hutoa somo ambalo wabunifu wengi hulisahau. Denimu ya kuvutika huwa na asilimia moja hadi tatu ya elastani, uzi unaovutika kama mpira uliobuniwa na Joseph Shivers wa DuPont mwaka 1958. Katika denimu nyingi elastani huwekwa kwenye mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana. Suruali ikishonwa, upana huo huzunguka paja. Kwa hiyo jinzi ya kuvutika humtanukia mtu aliyeketi au aliyenenepa; kwa urefu wa mguu karibu haivutiki kabisa, kwa sababu mtande, yaani nyuzi za urefu, ni pamba tupu. Na kuinua mguu kunadai urefu: makalioni, gotini, chini ya msamba. Kuvutika kwa kitambaa na kipande cha msamba ni mambo mawili yanayosaidiana. Moja halifuti jingine.

Urefu huo fundi huutafuta kwa kukata. Kiuno cha nyuma hupandishwa sentimita chache juu ya kile cha mbele ili mgongo usibaki wazi mtu akijikunja. Goti hupewa mikunjo midogo iliyoshonwa pande zote mbili ili mguu wa suruali uwe umekwisha kupinda kidogo kabla goti lenyewe halijapinda. Pindo la chini hubanwa, kwa kuwa mpandaji asiyeona ncha ya kiatu chake hukanyaga kwa kubahatisha.

Ribiti zinafuata, nazo zina historia yake. Mshonaji Jacob Davis wa Reno, Nevada, na mfanyabiashara Levi Strauss walipewa hataza ya Marekani namba 139,121 tarehe 20 Mei 1873 kwa kuimarisha pembe za mifuko kwa ribiti za shaba. Zilikuwa jibu zuri kwa mfanyakazi aliyejaza mawe na misumari mifukoni. Kwa mpanda miamba ni adha. Mkanda wa usalama hukaa juu ya kiuno cha suruali, na mtu akining'inia kwenye kamba uzito wake wote huigandamiza ribiti kwenye mfupa wa nyonga. Ribiti za nyuma nazo hukwaruza gari, kiti na mwamba. Mshono mzito wa kukazia, ule wa kwenda na kurudi kwa sindano, hufanya kazi ileile bila chuma. Kifungo cha kiuno nacho huwa bapa.

“Basi si jinzi tena,” mtu wa mjini hulalamika, na malalamiko yake si ya urembo mtupu. Suruali ya kazi mbili ikionekana ofisini kama nguo ya michezo imekwisha kushindwa nusu ya kazi. Suluhu inayokubalika ni kubakiza vile vinavyoonekana na visivyomdhuru mpandaji: uzi wa rangi ya machungwa, mfuko mdogo wa mbele, mifuko miwili ya nyuma iliyoshonwa bapa. Mfuko wa simu huhamishiwa ubavuni mwa paja, chini ya usawa wa mkanda wa usalama, na zipu yake hufichwa ndani ya mshono.

Kitambaa chenyewe hakileti ubishi mrefu. Denimu hufumwa kwa mshazari, mtande ukipita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha chini ya moja. Mtande hutiwa nili, mshindio huachwa mweupe. Ndiyo maana nje ni buluu na ndani ni peupe. Mpangilio huo ni zawadi kwa mbunifu, kwa sababu nyuzi za upande wa ndani anaweza kuzibadili bila sura ya nje kubadilika: mshindio wa poliesta huondoa jasho na hukauka mapema. Nailoni kidogo ndani ya mtande nayo huongeza uimara dhidi ya msuguano. Uzito hupimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Jinzi nzito ya aunsi 14 ni kama gramu 475 kwa mita ya mraba. Ya aunsi 10 ni kama 340. Kwa mwambani aunsi 10 au 11 zinatosha, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi suruali ikilowa.

Yako maoni kwamba pamba inaweza kuzuia maji bila dawa. Mfano ni Ventile, kitambaa kilichobuniwa na Taasisi ya Shirley ya Manchester wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya marubani walioweza kuangukia bahari ya baridi. Nyuzi zake ni nyembamba, za pamba ndefu, zilizobanana kiasi kwamba zikilowa huvimba na kuziba njia. Denimu haifiki hapo. Uzi wake ni mnene na mfumo wake wa mshazari huacha mapengo ambayo uvimbe hauyazibi. Hapo ndipo mwanakemia huitwa.

“Maji yana mvutano juu ya uso wake, kama 72 kwa kipimo cha milinyutoni kwa mita,” hueleza. “Mafuta ya kupikia yana kama 32. Ili tone lisimame kama shanga, nishati ya uso wa kitambaa lazima iwe ndogo kuliko mvutano wa kile kinachodondoka. Selulosi iko juu mno, kwa hiyo hunywa. Kazi yangu ni kuuvisha kila uzi ngozi nyembamba yenye nishati ndogo, bila kuziba nafasi kati ya nyuzi.”

Kwa miongo kadhaa ngozi hiyo ilikuwa ya kemikali za florini, jamii ya PFAS. Zilikuwa na sifa isiyo na mpinzani: zilikinza maji na mafuta pia. Lakini haziozi. Zilizokuwa na mnyororo wa kaboni nane ziliacha mabaki yaliyoonekana katika damu ya binadamu na wanyama duniani kote. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, uliingiza PFOS, mojawapo ya jamii hiyo, katika orodha yake mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Viwanda vilihamia kwenye mnyororo wa kaboni sita, nao ukafuatwa na sheria. California ilipiga marufuku PFAS katika nguo nyingi kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na Ufaransa ikafuata tarehe 1 Januari 2026.

Zinazobaki ni nta, silikoni na dawa nyingine zisizo na florini. Mpanda miamba huuliza kama zinafanya kazi sawa. Jibu la ukweli ni kwamba kwa maji safi zinakaribia, kwa mafuta hazifanyi. Mafuta ya kujipaka, krimu ya jua, jasho lenye mafuta ya ngozi na chipsi zilizolalia pajani hupenya, na penye mafuta maji nayo hupata njia. Mwanakemia mkweli hakwepi jambo hilo. Lakini suruali ya jinzi si ovaroli ya mtambo wa mafuta. Kumwekea mvaaji wa kawaida florini ili asipate doa la chipsi ni kulipa gharama isiyolingana na haja.

Swali linalofuata ni la kiwandani. Jinzi hufuliwa baada ya kushonwa, kwa mawe au vimeng'enya, ili ilainike na kupauka. Dawa ikitiwa kwenye jora kabla ya hapo huondoka. Kwa hiyo ama suruali inaachwa na rangi yake nzito bila kupaushwa, ama dawa inanyunyizwa juu ya suruali iliyokwisha kushonwa na kufuliwa, kisha huokwa kwa joto la takriban nyuzijoto 150 ili ishike. Njia ya pili ni bora kwa kuwa dawa hufika hadi kwenye mishono. Joto likizidi, elastani huchoka, na magoti yatabaki na uvimbe. Ipo pia njia ya kupaka dawa kwa povu upande wa nje peke yake, ndani pabaki pa kunywa jasho. Kwa mpandaji anayetoka jasho kuliko anavyonyeshewa, hiyo ndiyo ya kuchagua.

Fundi huongeza mambo yasiyoandikwa kwenye michoro. Uzi wa kushonea wa pamba hunywa maji na kuyaingiza ndani kwa kila tundu la sindano. Uzi wa poliesta hauyanywi. Mifuko ya ndani ya pamba nyeupe huwa sifongo iliyofichwa, na hukauka mwisho. Ibadilishwe kwa wavu wa poliesta.

Kupima nako kuna ubishi wake. Kipimo kinachotumika sana humwaga mililita 250 za maji kupitia kichujio cha matundu juu ya kitambaa kilichotegwa kwa pembe ya nyuzi 45, kutoka urefu wa milimita 150. Kisha kitambaa hugongwa mara mbili na kulinganishwa na picha: 100 ni kikavu kabisa, 0 kimelowa mbele na nyuma. Mtu wa mjini hucheka. “Mwalimu, kwenye bodaboda mapaja yangu hayako pembe ya 45. Yamelala kama meza.” Yuko sahihi. Maji huteleza kwenye kitambaa kilichotegwa. Juu ya mapaja hukusanyika katika mikunjo ya nyonga na kusubiri. Kipimo cha haki zaidi kwa suruali hii ni kuketi, kumimina kikombe cha maji katika mkunjo huo, kusubiri dakika tano, na kurudia baada ya kufua mara 10.

Lakini kiti cha pikipiki kikiwa kimelowa, hakuna dawa itakayosaidia, na hesabu yake ni nyepesi. Kilo 70 zikigawanywa juu ya sentimita 1,000 za mraba za makalio ni gramu 70 kwa kila sentimita ya mraba, sawa na kusukumwa na safu ya maji ya milimita 700. Hata miguu ikibeba nusu ya uzito huo, denimu bila utando haiwezi kuhimili. Mwaka 2011 Levi's ilitoa jinzi za Commuter kwa waendesha baiskeli wa mjini, zenye dawa ya kukinza maji na kiuno cha nyuma kilichoinuliwa. Nazo zilikuwa za kumlinda mtu na manyunyu. Wazo la kuweka utando makalioni peke yake limewahi kuwavutia wabunifu, lakini utando huzuia jasho mahali pale pale panapohitaji kupumua, na mpandaji hulikataa.

Utunzaji huamua maisha ya dawa. Mabaki ya sabuni ya unga na dawa za kulainisha nguo hufunika ile ngozi ya nishati ndogo, na maji huanza kunywewa ingawa dawa bado ipo chini. Suuza mara mbili, anika, kisha pitisha pasi ya joto la wastani upande wa ndani. Matone husimama tena. Nili nayo huchuja kwa msuguano, hasa kitambaa kikiwa na unyevu, na huacha buluu kwenye kamba nyeupe na viatu vipya. Suruali ifuliwe mara mbili tatu kabla ya kupelekwa mwambani.

Linabaki swali la mwenye jinzi ya mitumba asiyetaka kununua nyingine. Fundi wa mtaani anaweza kuifungua msambani na kutia kipande cha almasi. Kitambaa chake hukatwa kwenye urefu wa miguu uliozidi, ili mpauko ulingane. Kwa maji, nta ya nyuki iliyochanganywa na nta ya mishumaa husuguliwa juu ya mapaja peke yake, ikayeyushwa kwa pasi juu ya karatasi hadi iingie. Magoti huachwa bila nta kwa kuwa hukakamaa, na nguo hufuliwa kwa maji baridi. Kazi ya cherehani hutangulia: kitambaa chenye nta huganda kwenye sindano, na uzi hukatika.